Sahani ya Pili ya Kaimu

Nandagala,
kwa njia ya Ruangwa,
Posta ya Nachingwea.
6 Oktoba, 1954.

Mpendwa mpwa wangu Saadi,

Assalaam aleikum. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako, na ya mkeo Zaina, na ya yule mtoto ambaye bado sijamtia machoni. Je, kifua kimepoa? Barua yako ya mwisho ilisema vumbi la mkonge linakukohoza, na tangu siku hiyo mama yako hajaniacha nipumue. Kila akinikuta ananiuliza kama umepona, utadhani naishi nawe huko Tanga. Ukijibu barua hii anza na habari ya kifua, mengine yafuate.

Sisi huku tunalala na tunaamka, Mungu anatutazama. Mama yako Mwamina ni mzima, ila amepungua mwili kama tulivyopungua wote. Mvua ilikatika mwezi wa tatu, mahindi yakaungua shambani, na mtama uliobaki ndege waliumaliza. Ufuta tuliouvuna haukujaza hata magunia mawili. Tangu Agosti kijiji kizima kinakula mihogo, tena si ile mitamu ya kutafuna, ni ile michungu tunayoipanda pembeni ili nguruwe pori wasiitamani. Lakini usiwe na hofu. Mwenye muhogo shambani hajalala na njaa.

Nakuandikia hasa kwa habari ya mdogo wako Kaimu. Jumapili hii, tarehe kumi, Nandagala tunacheza na timu ya wafanyakazi wa mashamba ya karanga, huko huko kwao Nachingwea. Timu ile unaijua, wana jezi, wana njumu, wana uwanja uliosawazishwa kwa trekta. Na safari hii si mchezo mtupu. Karani wao wa michezo alimwona Kaimu mwezi wa sita, akaniletea neno kwamba akicheza vile tena siku hiyo atamwandika kazi karakana ya matrekta, afundishwe ufundi, na awachezee wao. Unaelewa uzito wake. Mtoto wa dada yangu ataachana na jembe, na dada yangu atakula chumvi ya mwanawe wa pili. Kwa hiyo miguu ya Kaimu ndiyo shamba letu mwaka huu, na mimi mjomba wake ndiye niliyekabidhiwa kuilisha.

Ndiyo, cheka. Najua unacheka. Timu imenifanya mpishi wa kambi, na nani mwingine angefaa? Nilikuwa mpishi wa Keya, jeshi la Mwingereza, miaka miwili vitani kule Bama, makombora yanalia huku nami nimeshika mwiko. Nilijifunza kwamba askari hukimbia leo kwa chakula alichokula jana na juzi. Wenzetu huku wanafikiri mchezaji ashibe asubuhi ya mchezo, basi imetosha. Mimi nimewaambia hapana, nguvu inawekwa ndani mapema, kidogo kidogo, siku nyingi kabla.

Taabu ni fundi wetu wa timu, Swalehe, yule anayefunga hirizi kwenye milingoti ya goli. Amewaweka vijana kambini siku ishirini na moja, leo ni ya kumi na nane, na miiko yake haina mwisho. Wasile mayai, mpira utawaponyoka. Wasile samaki, watateleza. Wasile kunde wala maharage, tumbo litajaa upepo na pumzi itakatika. Wasile kuku, watakimbia huku wakitazama nyuma. Nikamuuliza, sasa wale nini? Akasema ugali na chumvi, na chakula chao kisichanganywe na cha mtu mwingine. Mimi ni mtu mzima na sikuamini yote hayo, lakini ukivunja mwiko na timu ikafungwa, utaishi wapi hapa kijijini? Nikakubali. Nikajiambia, kama ni ugali peke yake, basi utakuwa mwingi.

Hapo ndipo nilipopata akili ambayo sasa wanawake wote wananisifu. Mchezo ulikuwa uwe tarehe thelathini na moja ya mwezi huu. Katikati ya Septemba wakatuletea neno kwamba umeharakishwa, utakuwa tarehe kumi. Makopa yangu ya mihogo mikavu yalikuwa yamekwisha, na unajua mwenyewe mihogo michungu inavyotaka subira. Unaimenya, unaivundika majini siku nne au tano mpaka ilainike, kisha unaianika juani tena siku nyingi, mpaka ukiivunja ilie kama kijiti. Ningeyapata wapi majuma hayo nikiwa na vijana kumi na wanne wanaokimbia asubuhi na jioni? Nikabuni njia. Asubuhi tunang'oa, tunamenya, tunatwanga mibichi, tunaanika juu ya mkeka. Jua la alasiri likishapita tunatwanga tena na kuchekecha, na jioni nasonga. Nimeuita unga wa siku moja. Mweupe, Saadi, mweupe kuliko sembe ya dukani.

Kila mchezaji anapata sahani moja iliyojaa. Kaimu anapata mbili, kwa sababu yeye ndiye anayekimbia upande mzima wa kushoto peke yake. Sahani ya pili naisimamia mwenyewe. Akisema ameshiba namwambia fikiria karakana, naye anakula.

Bibi Ashura jirani yetu alikuja kambini wiki ya kwanza. Unamjua, haombwi shauri naye hulitoa. Akachota unga wangu kwa vidole, akauweka ulimini, akautema.

"Mihogo hii haijafa, Mbaruku," akasema. "Unawapikia watoto wa watu kitu chenye roho."

Nikamwambia isiwe taabu bibi, mimi nitaiua kwa moto. Vijana wakacheka sana. Yeye hakucheka, akajifunga kanga yake vizuri akaondoka. Siku mbili hizi mjukuu wake Biasha, yule msichana wa miaka kumi, ameanguka njiani akitoka kisimani, na tangu hapo hasimami sawasawa. Magoti yanagongana. Watu wanasema amekanyaga kitu alichotegewa mtu mwingine. Nimekwenda kumwona, nikampelekea bakuli la unga wangu wa siku moja, kumbe walikuwa nao tayari, mama yake alikuwa ameiga njia yangu tangu katikati ya Septemba.

Kuku wangu watatu wamekufa. Walidonoa unga mbichi pale mkekani asubuhi, hata adhuhuri haijafika walikuwa wamelala na miguu imenyooka. Nadhani ni mdondo, ingawa mdondo haui kwa haraka hivyo. Amebaki tetea mmoja, naye anakaa kwa mama yako.

Tetea huyo ametaga, na mama yako amenipa kisa cha kukuchekesha. Juzi alikuja kambini na yai la kuchemsha amelificha kwenye pindo la kanga, anataka kumpa Kaimu kwa siri. Nikamkamata. Akasema kaka, mtoto amepauka, tazama macho yake, mwache ale hili moja tu. Nikamwambia Mwamina, unataka tufungwe? Nikalichukua yai, nikalimenya mbele yao wote nikalila mwenyewe, lisiharibike. Kaimu alicheka mpaka akajishika kichwa.

Anajishika kichwa mara kwa mara siku hizi. Wote wanalalamika kichwa kinauma baada ya kula, wengine wanatapika, na Kaimu anasema moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Nimewaambia ni nguvu inaingia. Hata Bama askari wapya walikuwa hivyo.

Kesho nitampa barua hii dereva wa lori la posta. Sijui kwa nini nimekuandikia habari za kuku na za mtoto wa jirani. Nilitaka kukuandikia habari za mpira.

20 Oktoba.

Saadi, barua hii haikuondoka. Lori halikupita siku ile wala kesho yake, nami Ijumaa nikaisahau mkobani kwa shughuli za safari. Nimeisoma yote asubuhi hii nimekaa kizingitini. Nilitaka kuichana niandike nyingine, kisha nikaona afadhali uisome kama ilivyo, umjue mjomba wako alivyokuwa siku nne kabla. Sitafuta hata neno.

Shika moyo. Mdogo wako yu hai. Lakini hatembei.

Tulitoka hapa alfajiri ya Jumamosi. Ruangwa tulikuwa tumeahidiwa lori, tukakuta limeharibika, ikabidi tuende kwa miguu njia yote. Nilibeba ugali uliofungwa kwenye majani ya mgomba, kila mtu na furushi lake, na Kaimu mafurushi mawili. Tulifika jua linazama, wakatupa darasa la kulala. Jumapili asubuhi wakala tena. Nilimsimamia.

Na alicheza, Saadi. Nataka uijue hiyo pia, kwa sababu ni kweli na hakuna atakayemnyang'anya. Kipindi cha kwanza tulifungwa moja. Cha pili alichukua mpira nyuma kabisa, akakimbia nao upande wake wa kushoto amevaa zile njumu ulizomtumia, akawapita wawili, akafunga. Muda mfupi baadaye akafunga tena. Watu wa Nachingwea wenyewe walimpigia makofi. Nililia, sioni aibu kukwambia.

Mchezo ulipokwisha alikaa chini katikati ya uwanja, wenzake wakija kumbeba akawaambia ngojeni. Nikamwendea.

"Miguu inatetemeka, Mjomba. Imekuwa mizito."

Nikamwambia ni uchovu, nikampa furushi la pili lililobaki. Akala pale pale kwenye nyasi, kwa utii, huku anatetemeka. Karani akaja na karatasi yenye jina lake, imeandikwa afike karakana Jumatatu saa moja. Kaimu aliikunja mara nne akaitia kwenye soksi.

Alfajiri ya Jumatatu, pale darasani, tukaamka kuswali. Nilikuwa mbele, yeye nyuma yangu. Tulipotoa salamu niligeuka nikamwona bado yuko kwenye sijida, paji la uso chini. Nikadhani anaomba dua ndefu kwa ajili ya kazi yake, nikafurahi. Nikatulia nisimkatize. Nilikaa pale nikimtazama kwa furaha, muda si mfupi, ndipo nikasikia anaita taratibu, uso wake bado uko kwenye mkeka.

"Mjomba, nisaidie. Miguu hainisikii."

Tulimwinua. Hakuwa na homa, hakuwa na jeraha, hakusikia maumivu. Miguu ilikuwa migumu, magoti yanabanana, mguu mmoja unapita mbele ya mwenzake, na visigino havishuki chini. Anasimama kwa ncha za vidole, naye kashikwa na watu wawili. Nilimkanda kwa mafuta ya ufuta mpaka mikono ikaniuma. Saa moja ikafika, ikapita. Karani alikuja mwenyewe kuuliza, akamtazama, akasema akipona aje, karatasi aiweke. Ni mtu mwema. Alituombea nafasi kwenye lori hadi Ruangwa, na kutoka hapo tulimsukuma kwa baiskeli.

Kijiji kilitoka kutupokea. Habari za ushindi zilikwishatangulia, wanawake wamekuja na vigelegele, mama yako mbele yao. Walivyomwona amekaa kwenye baiskeli walidhani tunambeba kwa heshima, wakazidisha. Mama yako ndiye aliyenyamaza kwanza. Alitazama miguu, akanitazama mimi, akafungua njia tupite.

Sasa sikiliza jambo baya zaidi. Swalehe alitangaza jioni ile ile kwamba uwanja wa Nachingwea ulifukiwa kitu upande wa kushoto, na Kaimu amekikanyaga. Kijiji chote kikaamini. Vijana wakakata fimbo, wanataka kurudi Nachingwea kumtafuta mfukiaji, na mpaka leo wazee wanawashika kwa maneno tu. Nami nilinyamaza. Nakwambia kweli, Saadi, siku nne nzima nilinyamaza, kwa sababu maneno ya Swalehe yalinifaa. Yakiwa kweli, mimi ni mjomba aliyetendewa ubaya. Nilikuwa nakaa na watu barazani wananipa pole, nami naipokea.

Siku ya tano nilimpeleka Kaimu zahanati ya Ruangwa. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alimgonga goti kwa vidole, mguu ukaruka. Alimgonga la pili, ukaruka. Akasema hana dawa ya jambo hili, twende hospitali ya misheni, lakini tusiende na tumaini kubwa. Kisha huku anaandika, hata hakuinua macho, akauliza:

"Mnakula nini huko kwenu?"

Kaimu akajibu ugali wa mihogo. Dresa akauliza na nini? Kaimu akasema na chumvi. Akauliza kwa muda gani? Kaimu akaanza kuhesabu. Nilitoka nje kabla hajamaliza.

Biasha hakuwahi kwenda Nachingwea. Biasha hajapiga mpira tangu azaliwe. Kitu kimoja tu wanacho yeye na Kaimu, na ni ule unga niliompelekea bakulini kwa mkono wangu. Kuku wangu watatu nao hawakukanyaga uwanja wa mtu. Wale wachezaji kumi na watatu vichwa vimeacha kuuma tangu warudi nyumbani kwenye kunde za mama zao, wao walikula sahani moja. Na mimi, mpishi, mwiko haukunihusu. Nilikula kunde kila siku nyuma ya kambi. Nililila na lile yai. Mimi ni mzima wa kila kiungo, Saadi, na usiku nikilala nakunja magoti na kuyakunjua kuona kama bado yananisikia, nayo yananisikia.

Tulikwenda hospitali ya misheni. Hawakutuficha. Walisema miguu huenda ikalegea kidogo kwa muda, kwa mazoezi, lakini tusitegemee iwe kama zamani. Kaimu alisikiliza yote. Njiani aliniuliza kama karakana wana kazi ya kukaa.

Nilipotoka huko nilimwendea kwanza mama yako nikamweleza kila kitu, pamoja na yai. Alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua mpaka ikaisha, akasema amesikia. Tangu siku hiyo hajanitukana wala hajanilaumu. Ananiwekea chakula kama kawaida, sahani anaiweka chini na kuondoka. Ningependa anitukane. Ukimwandikia mwambie mjomba anaomba radhi, wewe maneno yako huyasikia.

Kisha nikamwendea Bibi Ashura. Nilikaa chini mlangoni kwake kwa adabu. Biasha alikuwa ameegemea kinu, anatwanga kwa kukaa. Bibi hakusema nilikwambia. Aliniuliza tu kama unga ule bado unatwangwa. Nikasema kwangu hautwangwi, nimeumwaga shimoni nikafukia. Akasema, "Hapa kijijini umefukia. Na huko kwingine?"

Sikumwelewa mpaka juzi Jumatatu. Nilirudi kutoka shambani nikakuta watu wawili wa kijiji cha Marambo wanaagana na Swalehe. Mkubwa wao anaitwa Amiri, ni nahodha wa timu yao, amekuja na jogoo mkubwa wa zawadi. Tarehe thelathini na moja, ile ile tuliyonyang'anywa sisi, wao ndio watakaocheza na Nachingwea. Wamesikia Nandagala, watu wa njaa, wamewafunga wenye jezi. Walitaka kujua vijana wetu walilishwa nini. Na Swalehe amekwisha kuwaeleza. Amewapa miiko yote, amewaonyesha jinsi ya kutwanga mibichi, amewafungia na unga kidogo kama mfano. Walinishika mkono kwa mikono miwili, wakaniita mwalimu. Nikawaambia ngojeni, unga ule una ubaya. Amiri akatabasamu. Swalehe alikwishamwambia kwamba nitakataa, kwamba mpishi ana siri yake na hapendi itoke.

Wameondoka nao. Nasikia hata Likunja wanawake wameanza kutwanga kwa njia yangu, wengine bila mpira wowote, kwa sababu ni ya haraka na watoto wana njaa. Inaitwa unga wa Mbaruku. Jina langu limefika Likunja kabla yangu, Saadi.

Kwa hiyo kesho alfajiri nakwenda. Likunja kwanza, kisha Marambo. Vijana wao wana siku kumi na moja kabla ya mchezo, na sijui kila mmoja amekwisha kula sahani ngapi. Swalehe amenitishia kwamba nikisema hadharani kuwa ni chakula, basi nimewasafisha watu wa Nachingwea na nimemwita yeye mwongo, na nisirudi. Huenda ni maneno tu. Huenda si maneno tu, kwa maana wale vijana wenye fimbo bado wana fimbo zao, nao wanatafuta wa kulaumiwa. Nimewaza sana. Kama ni kupigwa, nitapigwa kwa haki zaidi kuliko yule mfukiaji asiyekuwepo.

Wasiponisadiki kwa mdomo, nina kitu cha kuwaonyesha. Kaimu anang'ang'ania kuvaa njumu zako kila akijaribu kutembea kwa magongo uani. Anasema zinamkumbusha miguu inavyotakiwa kufanya. Jana nilizichukua kuzipaka mafuta, nikazigeuza. Mbele, kwenye vidole, soli imekwisha kulika mpaka uzi unaonekana. Visigino ni vipya, Saadi, vimebaki kama vilivyotoka dukani Tanga. Nilimwomba aniazime nikaziweke mbele ya wachezaji wa Marambo. Akafikiri kidogo, akasema nichukue, ila nizirudishe.

Wewe fanya moja kwa ajili yangu. Huko mkongeni mko watu wa kusini wengi, wa Ruangwa, wa Nachingwea, na wa kwingineko, na wake zenu mmewaacha na mihogo hii hii. Nenda kambi kwa kambi. Kila mmoja aandike nyumbani, asiyejua kuandika mwandikie, kwamba mihogo ivundikwe siku zake zote na makopa yakauke mpaka yavunjike, hata kama watoto wanalia. Na asiyekuwa na kunde atafute, hata majani, hata panzi. Kama unaweza kututumia samaki mkavu kidogo, tuma. Viatu usitume tena.

Msalimie sana Zaina, na umbusu mtoto kwa niaba yetu. Mama yako anawasalimu, na Bibi Ashura, na Biasha ambaye ameniomba nikuandikie kwamba anakukumbuka. Kaimu anakusalimu kwa herufi kubwa, kaandika mwenyewe hapo pembeni. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aiponye pumzi ya kifua chako, na akupe chakula cha halali kilichoiva sawasawa. Mimi usiniombee kingine, niombee tu nifike mapema.

Ni mimi, mjomba wako nikupendaye hata ukinichukia,

Mbaruku

Nimefungua tena bahasha. Jioni hii nimempikia Kaimu kwa mkono wangu, kwa mara ya kwanza tangu turudi: kunde, na yai la yule tetea. Mama yake aliruhusu. Alikula taratibu, akamaliza. Mazoea mabaya, mkono wangu ukashika upawa kumwongezea. Akafunika sahani kwa kiganja chake, akasema, "Mjomba, leo moja inanitosha."